Ubao wa "siku bila ajali" unatufundisha kuficha majeraha, halafu mnauita usalama!

Wakuu, leo nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe kwanza.

Kazini kwetu getini kuna ubao mkubwa unaohesabu siku zilizopita bila ajali. Namba ikifika lengo, idara nzima inapata bonasi. Akiumia mtu mmoja tu, ubao unarudi sifuri na bonasi ya wote imekwenda na maji. Sasa jiulizeni, hapo mtu akiumia anafanya nini?

Wiki hii mwenzetu kidole kilinaswa kwenye rola ya mkanda unaosafirisha vigae. Hakwenda huduma ya kwanza. Walimfunga kitambaa, wakazungushia tepu nyeusi ya fundi umeme, akavaa glovu juu yake na kumaliza shifti huku damu ikichungulia kwenye mshono. Waliomsihi asiripoti ni wenzake! Na siwezi kuwalaumu sana, maana kuna mtu bonasi ile alishaikopea. Ubao unaendelea kupanda kana kwamba hakuna kilichotokea.

Rola ile ilikuwa na kinga ya chuma. Ilifunguliwa kwa sababu kusafisha ikiwa imefungwa kunachelewesha uzalishaji, ikaegemezwa ukutani, na hadi leo iko pale inashika kutu. Swichi inayotakiwa kuzima mashine mlango ukifunguliwa imefungwa waya, ili mashine idhani mlango umefungwa muda wote. Waya huo wasimamizi wote wanauona. Lakini jamaa angeripoti, fomu ingejazwa "uzembe wa mfanyakazi", yeye angepewa barua ya onyo, na sisi tungepangwa kwenye viti vya plastiki tuhubiriwe kuwa makini. Mtu wa shifti ya usiku lazima atachoka, na mkono wa aliyechoka unateleza. Kinga inawekwa kwa ajili ya usiku kama huo, siyo kwa ajili ya mtu aliyelala vizuri.

Utaratibu wa kudhibiti hatari si siri. Kwanza unaiondoa hatari yenyewe. Ukishindwa, unatumia kitu kingine chenye madhara madogo. Kisha zinakuja kinga za kihandisi, halafu taratibu na mafunzo. Vifaa vya kujikinga vinakuja mwisho kabisa. Kwetu tunaanza na glovu na tunaishia kwenye glovu. (Tena glovu karibu na rola inayozunguka ni balaa: ikinaswa inavuta na mkono.) Buti nazo tunakatwa kwenye mshahara, wakati Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mkataba huohuo unamlinda anayeondoka kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi kuamini kwamba maisha au afya yake iko kwenye hatari kubwa iliyo karibu. Jaribu kuondoka kwetu uone.

Kidole angalau kinaonekana. Njooni upande wa kukatia mawe. Msumeno unakata mkavu, vumbi linatanda mpaka taa zinaonekana kama za kwenye ukungu, na vijana wamejifunga barakoa za kitambaa ambazo haziwezi kuzuia chembe ndogo za silika, madini yaliyomo kwenye mawe. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina dawa ya kuuponya. Mapafu yakishapata makovu ndiyo basi. Kwa kawaida inajitokeza baada ya miaka mingi, pengine mtu ameshaacha kazi, kwa hiyo haitaandikwa ubaoni kamwe. Dawa ya vumbi lile ni maji kwenye msumeno na kifaa cha kulifyonza pale pale linapotoka. Bomba la maji lipo. Limefungwa kwa sababu sakafu inalowa!

Shirika hilohilo la Kazi linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu za kazi, na walio wengi sana wanauawa na magonjwa, siyo ajali. Ubao wetu wala haujui kwamba magonjwa yapo.

Nimewaandikia kamati ya usalama, ambayo wajumbe wake wote ni mameneja, hakuna hata mmoja anayeshika mashine. Nimeomba vitu vitatu: kinga irudishwe, maji yafunguliwe, bonasi itenganishwe na majeraha na badala yake anayeripoti hatari kabla haijaumiza mtu asiadhibiwe. Nimejibiwa kwamba hoja zitajadiliwa baada ya ukaguzi. Maandalizi ya ukaguzi yenyewe ni kupaka upya mistari ya njano sakafuni.

Mliowahi kwenda kwa mkaguzi wa serikali bila jina kuvuja kwa mwajiri, mlifanyaje? Picha za ule waya ninazo.