Re: Maua ya Alpi mwanzoni mwa Julai, na theluji je?

Wanajumuiya, salaam. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Julai tunataka kutembea milimani Uswisi au Austria, na watoto wa miaka 10 na 13. Maua yatakuwapo? Theluji itakuwa imeisha?

---

Dada, wakati ni mzuri, ila chagua kimo kabla ya kuchagua mahali. Maua ya Alpi hufuata theluji inavyoyeyuka, na theluji huanza kuisha chini, ikaishia juu. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo bonde likishamaliza kuchanua, mita 2,000 ndiyo kwanza panaanza.

Chini ya mita 1,500 usitegemee sana. Wakulima hufyeka majani ya mifugo tangu Juni, na konde lililojaa maua leo kesho ni mabua matupu. Lenga mita 1,800 hadi 2,300. Hapo rododendroni huwa zimefunika miteremko kwa wekundu, na jentiana za buluu zimo katikati ya nyasi fupi. Krokusi na soldanella huchipuka ukingoni kabisa mwa theluji inayoyeyuka, na kwa siku chache tu. Mkizitaka Julai, tafuteni miteremko ya juu inayotazama kaskazini, kwa sababu huchelewa kwa wiki kadhaa kuliko ile inayotazama kusini. Njia inayozunguka mlima pande zote mbili itawapa misimu miwili kwa siku moja, na mimi naipendelea kuliko njia yoyote ya kwenda na kurudi palepale. Edelweisi hupenda miamba ya chokaa yenye jua, Julai hadi Septemba. Watoto waambiwe mapema kwamba hazichumwi. Sehemu nyingi edelweisi zinalindwa kisheria.

---

> Theluji itakuwa imeisha?

Si yote, na mabaki ndiyo hatari. Kipande cha theluji kuukuu kwenye mteremko mkali asubuhi ni kigumu kama kioo. Mchana kinalainika, na ikiwa kijito kinapita chini yake, huenda kimeshachimba uwazi usiouona. Kama njia inakikata na huoni ukiteleza utasimamia wapi, rudini. Siku mbili kabla ya safari pigieni simu nyumba ya wageni iliyo kwenye njia hiyo, muulize theluji imebaki wapi na kama madaraja yamesharudishwa, maana mengine huondolewa majira ya baridi.

Kwenye utabiri, usiangalie alama ya jua peke yake. Soma kimo cha nyuzi 0, yaani urefu ambako joto la hewa hushuka hadi nyuzi 0. Kikishuka hadi mita 2,500, theluji inaweza kuanguka mita 300 chini ya hapo, hata Julai. Baada ya wimbi la baridi kupita, siku ya kwanza miamba bado huteleza. Ya pili mara nyingi ndiyo safi kuliko zote.

Radi ndiyo inayopanga saa. Jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na alasiri mawingu hupasuka. Anzeni saa 12 au saa 1 asubuhi, na kufika saa 7 mchana muwe mmeshashuka kutoka kileleni na kwenye migongo ya milima. Mkiona kabla ya saa 4 asubuhi mawingu yanarefuka kwenda juu, fupisheni safari bila mjadala. Hesabuni sekunde kati ya mwanga na ngurumo, mgawanye kwa 3, mtapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, tayari mko hatarini: acheni minyororo na kamba za chuma za kushikilia njiani, msikae chini ya mti uliosimama peke yake, na msubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

---

Nyongeza kuhusu watoto. Uswisi, alama ya njano ni njia rahisi. Nyeupe-nyekundu-nyeupe inahitaji buti imara na mtu asiyeogopa kimo. Nyeupe-buluu-nyeupe waachieni wazoefu. Muda ulioandikwa kwenye vibao hauhesabu mapumziko, na watoto wakianza kutazama maua ongezeni nusu yake. Msaada ni 112 nchi zote hizo, au 1414 Uswisi na 140 Austria. Simu ikikosa mtandao, pulizeni filimbi mara 6 kwa dakika moja, nyamazeni dakika moja, kisha rudieni. Jibu la waokoaji ni mara 3 kwa dakika.