Naomba ushauri: mashine ya boti iliyolala na petroli ya Marekani

Habarini wakuu. Shemeji kaniletea mashine ya boti iliyotumika, nguvu farasi 15, kutoka Marekani. Hakukausha kabureta kabla ya kupakia. Jana tumeifungua hapa Ferry, Dar: ndani unga mweupe na utando wa kijani, mpira wa mafuta umelainika mpaka ukiubana kwa kucha alama inabaki.

Fundi kanusa akasema, "Hii spiriti." Hakukosea sana. Kule walikuwa wanatia MTBE, kemikali ya kufanya mafuta yaungue vizuri, kwenye petroli, ikavujia maji ya ardhini; California ikaipiga marufuku kuanzia 2004, kisha sheria ya nchi nzima ya 2005 ikalazimisha kuchanganya mafuta jadidifu, kama yale ya mimea. Ethanoli, yaani spiriti ya mahindi, ikashika nafasi ya MTBE, kwa kawaida asilimia 10. Visima vimepona, kabureta yangu ndiyo inalipa! Ethanoli hunyonya maji, ikikaa sana hujitenga na petroli na kutuama chini.

Sasa, fundi anataka kuosha kabureta tu tuingie baharini. Mimi naona mipira yote na gasketi vitoke. Aliyepitia hili anisaidie: kabureta inaokoka au nitafute nyingine? Na kwenye maduka ya vipuri pale Gerezani niulizie mpira wa aina gani? Mfuko wenyewe mnaujua.