Naandika shajara mwezi wa saba sasa, ila bado sijijui. Nakosea wapi?

Popo wa Zamu (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Mimi huwa nasoma kimya kimya tu, ila leo nimebanwa.

Mwezi wa saba huu naandika shajara kila usiku kabla ya kulala. Nilianza baada ya kugundua kwamba nikiulizwa "wewe unataka nini?" nabaki kutoa macho. Iwe kazi, iwe uhusiano, hata likizo tu. Wanachotaka wenzangu nakijua, changu sikijui. Nikaambiwa andika, utajijua.

Juzi nimekaa nikalisoma daftari lote mwanzo mwisho. Dah! Kama ripoti ya mlinzi. Jumanne moja hii hapa: "Kikao kimekuwa kirefu. Nimechoka. Mwenzangu kaniomba nimshikie zamu ya Jumamosi, nikakubali, haina shida. Nimelala saa tano." Kurasa zote ndivyo zilivyo. Mimi mwenyewe sijioni humo.

Hii kitu ina faida kweli au namaliza wino bure?

Kobe Mwendo
Mimi nilianza tarehe mosi Januari. Tarehe nne daftari likawa la madeni. Nipo pembeni nasubiri madini.

Binti Kalamu
Mkuu, mbona umo? Rudia hiyo Jumanne yako. Mtu kachoka, kikao kirefu, anaombwa Jumamosi yake, halafu anaandika "haina shida" kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma. Ulikuwa unamtuliza nani?

Chukua kalamu nyekundu, pitia daftari zima, zungushia kila "haina shida", "sawa tu", "si mbaya". Kisha soma sentensi iliyotangulia kila duara. Mimi neno langu lilikuwa "basi tu". Ndani ya miezi minne nilizungushia mara 23, na mara 19 lilikuja baada ya jina la mtu yule yule. Hapo sikuhitaji kuambiwa nina kinyongo na nani.

Fundi Saa
Mdogo wangu, Binti Kalamu kamaliza kazi kubwa, mimi naongeza kidogo.

Mwaka 1986 watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti wao. Waliwaweka wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Wapo walioandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito. Wengine waliandika juu ya jambo lililowaumiza: kundi moja tukio tu, jingine hisia tu, jingine vyote viwili. Walioandika vyote viwili ndio waliokwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi 6 iliyofuata. Wewe uko kundi la tukio tu, tena kwa miezi saba!

Na ona, zilikuwa siku 4. Kila usiku si amri ya mtu. Afadhali mara mbili kwa wiki ukae na dakika moja tu ya siku hiyo: nani alisema nini, mwili wako ulifanya nini, ulitaka kujibu nini ukameza. Swali la "kwa nini niko hivi?" mimi nimeliacha, linanigeuza wakili wa kujitetea. Najiuliza "nilihisi nini?" na "nilitaka nini?" basi.

Angalizo: katika utafiti ule, walioandika hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Ukiumia kidogo, usidhani umekosea. Lakini ukiona jeraha lile lile unalizunguka wiki hadi wiki na usingizi unapaa, funga daftari, tafuta mshauri nasaha uongee naye ana kwa ana.

Mama Wawili
Kuna jambo hamjaligusa. Daftari langu liliwahi kusomwa na mtu wa humu humu ndani. Tangu siku hiyo nikawa naandika kama niko kizimbani, kila sentensi imevaa tai. Siku hizi naandika kwenye karatasi, nikimaliza nachana vipande vipande. Uongo ukaisha wenyewe.

Binti Kalamu
Dada, ukichana utazungushia nini?

Mama Wawili
Nabakiza sentensi moja, naiandika kwenye kalenda. Akiisoma mtu mwingine hataambulia kitu.

Popo wa Zamu (mleta uzi)
Wakuu, nimerudi. Nimezungushia. "Haina shida" ziko 31, nimeishiwa nguvu. Halafu nikaiandika upya ile Jumanne kama Fundi Saa alivyosema:

"Aliponiomba Jumamosi, shingo ilikaza. Nilitaka kumwambia nimepanga kulala mchana kutwa. Nikaona aibu, kulala si sababu ya kumpa mtu. Nikatabasamu."

Nimelitazama hilo neno aibu kwa muda mrefu. Kumbe nilichotaka nilikuwa nakijua. Nilitaka kulala. Nilikiona kidogo mno, nikakificha hadi kwenye daftari langu mwenyewe.

Kobe Mwendo
Madini haya. Ngoja nilitafute lile la madeni.

Popo wa Zamu (mleta uzi)
Ukilipata utuletee mrejesho, mkuu. Mimi hapa kaniandikia tena yule yule, anaomba Jumamosi ijayo. Ujumbe nimeusoma, sijajibu.