Miwani ya kusomea: ya kawaida, ya mstari au progresivu?

Mwalimu Chamwino: Habarini wakuu. Nimevuka 45, na madaftari ya wanafunzi sasa nayasoma mkono umenyooka. Taa ikiwa hafifu ndiyo basi kabisa. Mbali naona vizuri. Nasahihisha huku naangalia darasa. Nichukue miwani ipi?

Fundi Majengo: Mwalimu, mimi nashona, na ya kusomea ya kawaida inanitosha. Ila usichukue namba ya jirani, yaani nguvu ya lenzi za miwani yake, angalia umbali wa kazi yako. Jicho ambalo lenzi yake imekakamaa kabisa, +2.00 inafaa kwa umbali wa nusu mita, +2.50 sentimita 40. Kwa hiyo namba ya kutunga uzi kwenye sindano siyo ya kompyuta. Kwa umri wako pengine utaanzia +1.00 au +1.50. Shida yake ukiinua kichwa, watoto wa nyuma wanakuwa ukungu. Tafuta zile fupi, uchungulie kwa juu.

Dereva wa Singida: Kwa kazi yako progresivu haina mpinzani. Juu unaona mbali, katikati umbali wa dashibodi, chini daftari, na mstari hakuna. Lakini ni ghali, na pembeni pana ukungu, hivyo unajifunza kugeuza kichwa badala ya macho. Duka lisilopima mboni zako zinakaa wapi kwenye fremu, ondoka.

Nesi Mstaafu: Mwalimu, kabla ya yote kapime. Miwani ya dukani ina namba sawa pande zote mbili, na macho ya wengi hayalingani. Tena anayekupima anaweza kugundua presha ya macho, ambayo huiba uoni bila maumivu. Hospitali ya Mvumi ipo wilayani kwako na ina kitengo cha macho.

Mwalimu Chamwino: Shikamoo mama. Wenzangu wanasema ukianza kuvaa, macho yanalegea. Ni kweli?

Nesi Mstaafu: Marahaba. Si kweli hata kidogo, na uvumi huu unaniuma, maana watu wanaacha kusoma na kushona kwa ajili yake. Lenzi inakakamaa kwa umri, uvae usivae, na namba itapanda hadi miaka 60 na kitu.

Fundi Majengo: Ya mstari nayo, ile yenye sehemu ya mbali juu na ya kusomea chini, usiidharau, kwa kawaida bei yake iko chini ya progresivu. Ila kwenye ngazi inamisha kichwa, usitazame kwa chini ya mstari.

Nesi Mstaafu: Ukienda kupima beba daftari, mpimaji aone unalishika umbali gani.