Mama anaenda Chicago, vile vijumba vya bizinesi klasi vyenye mlango kwenye ndege za kutoka Entebbe vipo kweli?

BintiWaBombo
Assalam aleikum na habari za jioni kwa wote. Naomba ushauri hasa kwa mnaosafiri sana au mnaokata tiketi. Mama yetu ana miaka 71, viza ya Marekani imetoka baada ya kuhangaika sana na mwezi wa kumi na mbili anaenda Chicago kumwona mjukuu ambaye hajawahi kumpakata hata siku moja. Sisi watoto wanne tumechanga tukasema safari hii Mama asikae ikonomi, goti lake la kulia halikunji vizuri tangu aanguke uani, hata akipanda taksi ya Bombo kwenda mjini wakikwama kwenye jam ya Kawempe akishuka lazima ashikwe mkono.

Sasa Mama ni mtu wa stara. Tangu tumjue hajawahi kulala mahali ambapo mwanamume wa nje anamwona, alipolazwa mwaka juzi kitu cha kwanza alichoomba ni pazia. Kaka yangu akamwonyesha vidio ya Qsuite ya shirika la ndege la Qatar, ile siti ya bizinesi yenye ukuta na mlango wa kusukuma, Mama akaitazama kimya, akaomba irudishwe mwanzo, halafu akauliza, "Na ukishafunga hapo, mtu anaweza kuvua mtandio?" Tangu siku hiyo mimi nautaka huo mlango kuliko chakula na launji, yaani sebule ya kupumzikia uwanjani, na vingine vyote. Je, ndege zinazotoka Entebbe zinao? Tukilipa halafu akute siti ya wazi nitaumia sana.

TiketiKampala
Dada hongereni kwa viza, na Mungu awabariki kwa kumfikiria Mama. Mimi nakata tiketi hapa Kampala mwaka wa kumi na moja huu na swali lako naulizwa na watu wengi wakiwa wameshalipa, afadhali wewe umeuliza mapema.

Mlango huo haufuati jina la shirika, unafuata ndege yenyewe. Qsuite ilianza kuruka mwaka 2017, iko kwenye ndege nyingi za Qatar aina ya 777 na kwenye A350-1000. Lakini sisi Entebbe tumezoea kuletewa 787-8, na hiyo bizinesi yake ina siti 22, inalala kabisa kama kitanda, kila mtu anafikia njia bila kumruka jirani, ila mlango haina. Kwa hiyo Entebbe hadi Doha, kama saa tano na kitu, usitegemee mlango. Doha hadi Chicago ndiko kwenye saa 14 hadi 15, na huko ndiko Qsuite inakopatikana.

Wengine wanaotoka hapa nao nikuambie usije ukadanganywa. Emirates bizinesi yake haina milango hata kwenye A380, milango yao iko fasti klasi. Ndege yetu ya Uganda Airlines ile A330-800 ina siti 20 za bizinesi, zinalala flati na mimi nazipenda, lakini ziko wazi, na Chicago haifiki. Mtu akikuambia bizinesi zote za siku hizi zina mlango ujue anataka pesa yako.

Kama mchango wenu hautoshi bizinesi safari nzima, muulize ejenti wenu kama anaweza kukupangia ikonomi Entebbe–Doha halafu bizinesi Doha–Chicago ndani ya tiketi moja. Nasema tiketi moja, usikubali mbili, kwa sababu zikiwa mbili ndege ya kwanza ikichelewa ya pili hawana deni na wewe na Mama anabaki Doha anahangaika na mizigo. Na soma aina ya nauli, ile bizinesi ya bei ya chini kabisa inayoitwa Lite haina launji wala kuchagua siti bure, na kwa mtu wa goti kuchagua siti si anasa.

NjianiKilaMara
Ejenti amesema kweli lakini naongeza kitu ambacho kiliniuma. Mwaka jana nilinunua bizinesi ya shirika moja kwa sababu hiyohiyo ya mlango, nilikuwa natoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo na nilitaka nilale saa nyingi bila kuguswa na mtu. Siku tatu kabla ya safari wakabadilisha ndege. Nikaingia nakuta kila mstari siti mbili mbili mbili, mimi dirishani, jirani yangu amelala amenyoosha miguu njia yote imeziba, nikakaa nimebana mkojo karibu saa mbili maana mgongo haukuniruhusu kumruka. Nilipolalamika nikaambiwa wao wameniuzia bizinesi, aina ya ndege hawakuahidi, na kweli nilipoyasoma yale masharti imeandikwa hivyo.

Kwa hiyo dada fungua ramani ya siti kabla ya kulipa, halafu ifungue tena kila wiki mpaka siku ya safari. Qsuite inajulikana kwa macho, mstari mmoja una siti moja, mbili, moja, na nyingine zinatazama mbele nyingine zinatazama nyuma. Ukiiona imegeuka kuwa mbili mbili mbili, siku hiyohiyo piga simu uombe tarehe nyingine, usisubiri uwanjani.

AliyekuwaHewani
Nimefanya kazi ya uhudumu kwenye ndege za mbali miaka sita, sasa niko nyumbani Mukono nalea. Hili la Mama limenigusa, nimehudumia wamama wengi wa aina yake, wengine walikuwa wanakaa usiku kucha wima na mtandio kichwani kwa aibu wakati siti inalala, tena mtu ameshailipia.

Kwanza ajue ule mlango si wa chumba cha hoteli. Ukuta haufiki juu, akilala hakuna abiria aliyekaa anayemwona, lakini mtu akipita amesimama akichungulia anaona ndani. Mhudumu lazima apite, hiyo ni kazi yake. Kwa hiyo abebe gurbaba yake, ile nguo ya kujifunga, au leso kubwa, ajifunike kichwa mpaka miguu akilala, huo mlango pamoja na leso ndiyo stara kamili. Ndege ikiwa inatembea chini, inaruka au inatua, mlango lazima uwe wazi, ni sheria ya usalama ili watu watoke haraka, mwambieni kabla asije akadhani wamemfungulia kwa dharau.

Akishakaa amwambie mhudumu tu, "Dada naomba nihudumiwe na wanawake." Si kila safari itawezekana ila wengi wetu tulikuwa tunapanga hivyo wenyewe kimyakimya. Kama Kiingereza kinamsumbua mwandikieni kwenye karatasi, na aeleze hapo hapo kwamba ni mgonjwa wa goti, mhudumu atamtandikia kitanda na kumwonyesha kitufe cha kuita mtu na namna ya kufungua mlango kutoka ndani. Afungue na kufunga mara tatu mwenyewe mhudumu akiwa amesimama pale. Nimeshaona mzee akihangaika gizani anausukuma mbele badala ya kuuvuta pembeni, akaanza kulia.

Wilicheya ombeni sasa hivi kupitia ejenti, hailipiwi. Na mseme kabisa ngazi hawezi. Kuna alama tatu za kuandika kwenye tiketi, WCHR ni wa mtu anayeweza ngazi ila hawezi mwendo mrefu, WCHS ni wa asiyeweza ngazi, WCHC ni wa asiyeweza kutembea kabisa hata ndani ya ndege. Watu wanaandikiwa ya kwanza bila kuulizwa, halafu ndege ikipakia watu kwa ngazi mzee anaanza kupanda na goti bovu huku watu nyuma wanasukuma. Mama yako ni WCHS, hakikisha imeandikwa hivyo kwenye bukingi ya kwenda na ya kurudi.

MzeeWaJinja
Mwanangu, mlango ni mzuri lakini usimfungie Mama saa 15. Damu inaganda miguuni ukikaa muda mrefu, Shirika la Afya Duniani limesema hatari inaanza kupanda safari ikizidi saa nne, na bizinesi haizuii hilo kama mtu hajinyanyui. Mwende kwa daktari wake muulize soksi za kubana. Halafu atembee mpaka chooni na kurudi kila baada ya saa mbili akiwa macho, mchagulie siti iliyo karibu na choo lakini isiwe ukutani kabisa na jiko, kule sahani zinagonga usiku kucha.

BintiWaBombo
Nimesoma kila kitu nikiwa na machozi jamani, asanteni. Tumekaa na kaka zangu usiku huu tumekubaliana, bizinesi ya Doha–Chicago kwenda na kurudi, na Entebbe–Doha ikonomi ila mimi nitamsindikiza mpaka Doha nikae naye siti ya njiani nimkande goti, halafu nigeuze nirudi. Nauli yangu ya ikonomi inatoka kwenye ile pesa tuliyookoa. TiketiKampala, mimi nikiwa na tiketi yangu peke yangu naruhusiwa kufika naye mpaka geti la Chicago?

TiketiKampala
Ndiyo, wote mtakuwa transiti, yaani abiria wa kupita tu, mradi tiketi yako ya kurudi Entebbe iwe tayari na usiwe na begi la kupakia chini. Getini wenye wilicheya watampokea. Launji yeye ataingia kwa bizinesi yake kama siyo Lite, wewe hutaingia, kwa hiyo kama muda ni mrefu amueni mapema anaingia peke yake au mnakaa wote nje.

BintiWaBombo
Tutakaa wote nje. Nimemwambia Mama habari ya kujaribu mlango mara tatu, sasa hivi yuko chumbani anafungua na kufunga kabati la kusukuma.