Mlinganyo wenye sehemu: binti anapata 17, kitabu kinasema 13

MamaWawili_Umoja
Hamjambo wadau. Binti yangu yuko Gredi ya 8, na mimi hesabu niliziaga zamani. Swali lenyewe:

(x + 1)/2 − (x − 3)/5 = 5

Kila akilifanya anapata 17. Majibu nyuma ya kitabu: 13. Kitabu kimekosea ama?

Chaki_Kayole
Kitabu kiko sawa, mama. Usiniamini bure, weka 13 penye x: 14/2 ni 7, 10/5 ni 2, 7 toa 2 ni 5. Sasa weka 17: 18/2 ni 9, 14/5 ni 2.8, inabaki 6.2. Haikai.

Nadhani najua alipoteleza. Alizidisha kila kitu kwa 10, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 5, akapata:

5(x + 1) − 2(x − 3) = 50

Hadi hapo safi. Kisha akafungua mabano ya pili akaandika −2x − 6. Hiyo −2 inazidisha −3 pia, na hasi kwa hasi ni chanya, kwa hivyo ni +6:

5x + 5 − 2x + 6 = 50
3x = 39
x = 13

Dere_wa_Jogoo_Road
Mbona mzunguko wote huo? Sisi tulizidisha kimshazari tu, juu ya upande huu kwa chini ya upande ule, kwisha.

Chaki_Kayole
Kimshazari inakubali kila upande ukiwa na sehemu moja, mfano x/6 = 5/3. Hapa kushoto ziko mbili. Halafu kuna wale wanaosahau kuzidisha ile 5 ya kulia kwa sababu haina kitu chini yake. Hao hupata −2.

MamaWawili_Umoja
Nimefungua daftari, ni −6 kweli! Nimsaidieje asirudie?

Shosh_wa_Hesabu
Daftarini x − 3 hukaa juu ya 5 bila mabano, ndiyo maana alama ya kutoa inamgusa x peke yake. Ule mstari wa sehemu ni mabano tayari. Ayaandike kabla ya kuzidisha chochote, hata akiona anajua.

Akishazoea mpe hili la Misri ya kale, limo kwenye mafunjo ya Rhind, hati ya hesabu ya mwaka wa 1550 KK hivi: kiasi fulani ukikijumlisha na sehemu yake ya saba unapata 19. Yaani x + x/7 = 19. Jibu si namba nzima, asije akafuta.