Binti kapata shule ya binafsi, ufadhili si kamili: ahame au abaki ya serikali? (Houston)

MamaZuhura
Habari za jioni wanajamvi. Niko Houston, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa. Binti anamaliza darasa la nane, kapata nafasi kwenye shule ya binafsi yenye jina hapa mjini. Ada dola 33,000 kwa mwaka, wamempa ufadhili wa 20,000. Zilizobaki ni za kwangu na baba yake, na mimi ni msaidizi wa wauguzi, zamu ya usiku. Chaguo la pili ni sekondari ya serikali, dakika sita kwa miguu.

Nia ni chuo kikubwa: UT Austin (chuo kikuu cha serikali cha Texas), Rice (chuo cha binafsi), na Mungu akijalia hata vile vya Mashariki mwa Marekani. Siku tuliyotembezwa nilioneshwa ofisi ya ushauri wa vyuo: makaunsela wanne, makochi, sahani ya biskuti, ukutani bendera za vyuo mpaka darini. Nimetoka kichwa kinazunguka. Amana wanaitaka Ijumaa. Nisaidieni.

Kipepeo77
Dada, hiyo ofisi ndiyo unayoinunua. Fizikia ni ileile kokote.

Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti wa vyuo 12 vya juu kabisa, Harvard na wenzake. Kwa watoto wenye alama sawa za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, wale wa familia zilizo katika asilimia 1 ya juu kwa kipato walikuwa na uwezekano wa kukubaliwa asilimia 34 zaidi ya mwombaji wa wastani. Wale wa asilimia 0.1 ya juu, zaidi ya mara mbili. Kilichowabeba ni vitu vitatu: mzazi aliyesoma hapohapo, michezo ya kusajiliwa, na alama wanazopewa kwa mambo ya nje ya darasa. Viwili vya kwanza huna habari navyo. Hicho cha tatu kinapikwa pale kwenye biskuti.

Mpwa wangu alisoma ya serikali, kaunsela mmoja kwa watoto mia nne na ushee. Barua yake ya mapendekezo tulikuja kuiona baadaye: mistari minne, na Kiingereza kina "he" na "she", basi binti wa watu kaandikwa mvulana mwanzo mpaka mwisho. Nipo upande wa kuhama.

BabaTatu
Shikamoo Kipepeo, lakini unamjibu kama vile anaishi Boston. Mama yuko Texas.

MamaZuhura, hapa kuna sheria ya mwaka 1997: mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake anaingia chuo kikuu cha serikali moja kwa moja. Ilitungwa baada ya mahakama kuzuia vyuo kuangalia rangi, kwenye kesi ya Hopwood ya 1996. UT Austin walizidiwa, wakaruhusiwa kuweka kikomo: nafasi za mlango huo zisizidi asilimia 75 ya wanafunzi wapya wa Texas. Ndiyo maana kiwango chao kimeshuka. Kwa watakaoingia kuanzia vuli ya 2026 ni asilimia 5 tu.

Sasa piga hesabu. Darasa la watoto 600 hapo jirani, asilimia 5 ni watoto 30. Huko binafsi darasa lina watoto mia na kidogo, kila mmoja kaandaliwa tangu chekechea. Atakuwa wa ngapi? Tena shule nyingi za aina hiyo hazipangi nafasi kabisa, yaani hazisemi nani wa kwanza nani wa mwisho darasani. Waulize kabla hujatoa hata senti.

Wangu wa kwanza alibaki ya mtaani. Alikuwa wa kumi na saba kati ya 540. Hakuna aliyemsomea insha, hakuna aliyempigia simu mtu. Barua ilikuja, tukachinja mbuzi. Kasoro niseme: kuingia UT si kuingia kozi uitakayo. Uhandisi, biashara na kompyuta wanachuja upya, na yeye kompyuta aliikosa, yuko hisabati.

Kipepeo77
Marahaba. Kwa hiyo haki ni kumweka mtoto kwenye darasa dhaifu ili aonekane mrefu? Kuna wazazi wanahamisha watoto makusudi kwa ajili hiyo.

BabaTatu
Wapo. Ila angalau kupanga nyumba mtaa wa kawaida hakuhitaji dola 33,000.

MjukuuWaPangani
Niko Leicester, Uingereza, nachungulia tu. Huku shule za binafsi zina kama asilimia 7 ya wanafunzi, lakini Oxford wanachukua karibu theluthi moja ya Waingereza wao. Dawa ya huku ni kuangalia mtoto katokea wapi: umepata A hizo shule gani, mtaa gani. Tangu Januari 2025 ada za binafsi zina VAT ya asilimia 20 juu, jirani yangu analia kila siku getini.

Bwax_Dsm
Mnajichosha. Hapa Tanzania mtihani wa kidato cha sita una namba, hauna jina. Pointi zako za PCB (fizikia, kemia, baiolojia) ndizo zinazoongea, hakuna insha ya "niliposhinda magumu".

MjukuuWaPangani
@Bwax_Dsm na hiyo namba imelala bweni lenye maabara au imesoma vitendo kwa kuchorewa ubaoni? Tusidanganyane.

Nesi_Aisha
Dada yangu, mimi naongelea mfuko. Rice ipo hapohapo Houston, na tangu 2018 walitangaza kwamba familia za kipato cha chini hazilipi ada wala bweni. UT nao wamepandisha, familia ya chini ya dola 100,000 ada inafutwa. Kuna QuestBridge pia, inatafuta watoto wenye akili wa kipato kidogo. Hizo 13,000 mara miaka minne ni 52,000. Utazilipa ili aingie mahali ambapo akiingia atasoma bure? Na huyo mtoto ataondoka saa ngapi nyumbani?

MamaZuhura
Asanteni sana. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mabasi mawili.

Leo nimefanya mambo mawili. Nimewapigia binafsi: hawapangi nafasi, BabaTatu umesema kweli. Kisha nikatoka zamu na sare yangu, nikaenda ya serikali kumwona kaunsela. Nimekaa saa nzima kwenye kiti cha plastiki. Alipotoka aliniuliza masomo ya AP (yale ya kiwango cha chuo) anayotaka binti, akaandika kwenye kikaratasi cha njano, akakibandika pembeni ya kompyuta. Pale pembeni kuna vikaratasi vya njano kama manyoya ya kuku.

Amana sijalipa. Zuhura mwenyewe anasema anataka kulala mpaka saa moja.